Majivu ya mlima hugeukaje udongo?

SWALI: Mwanangu ameniletea Newala kopo la majivu ya volkano, aliyachota kwenye ngema chini ya Mlima Meru. Yanakwaruza vidole. Mbona anasema udongo wa huko ni mweusi na laini? – Mama mkulima wa korosho

JIBU: Shikamoo mama. Huko kukwaruza ndiko kuliko na siri. Sehemu kubwa ya majivu hayo ni kioo: mwamba ulioyeyuka ukapoa ghafla, fuwele zisiwahi kujipanga. Kioo cha namna hiyo huliwa upesi na maji. Mvua hubeba hewa ya ukaa, ikawa asidi hafifu. Haidrojeni yake huchukua nafasi ya sodiamu, potasiamu na kalisi, nazo hufaidisha mimea au husombwa. Silika na alumini zinazobaki hujiunga upya kuwa alofeni, madini yenye vitundu vidogo mno. Mimi nimewahi kufinya bonge lake mbichi: lilionekana kavu, kumbe likatoa maji kiganjani! Alofeni hung'ang'ania mboji, ndio ule weusi. Kwa bahati mbaya hung'ang'ania na fosfati, chakula muhimu cha mimea, mahindi yakaikosa. Maelfu ya miaka yakipita, alofeni hugeuka haloisaiti, kisha kaolini, yote mawili madini ya udongo wa mfinyanzi. Mchanga wenu mwekundu wa Newala, mama, una asili nyingine kabisa.