Mashine haikuonyesha kosa: je, WRX yangu iko tayari kuongezewa nguvu?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mwezi uliopita nilinunua Subaru Impreza WRX ya 2005, gia za mkono, iliyotumika Japani kabla ya kuletwa huku. Dashibodi inasoma kilomita 118,000. Oili na filta yake nimeshabadilisha. Kijana mmoja anayetuni magari hapa Arusha alichomeka mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari, akasema hakuna kosa hata moja, injini ni nzima, na anaweza kuniwekea rimapu ya Steji 1, yaani kupanga upya kompyuta ya injini ili iongeze nguvu, kwa dakika 20. Amenishauri pia niweke ekzozi kubwa, filta ya hewa ya wazi na ile vali inayopiga "psss", nihamie oili ya 20W-50, na nitoe thamostati ili injini isichemke. Nianze na kipi? Msomaji, Arusha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anza na mkanda wa taimingi, nitaueleza. Lakini kwanza kuna sentensi moja katika barua yako ambayo lazima tuimalize, kwa sababu naisikia kila wiki na imeua injini nyingi: "mashine haikuonyesha kosa, kwa hiyo injini ni nzima."

Taa ya injini huwaka pale sensa inapotoa namba iliyo nje ya mipaka iliyoandikwa ndani ya kompyuta. Basi, kazi yake inaishia hapo. Hakuna sensa inayopima beringi za konrodi zimelika kiasi gani. Hakuna inayojua mkanda wako una miaka mingapi, wala kama ringi za silinda ya 4 zimeanza kupitisha moto. EJ20 ya turbo, yaani injini ya gari lako, inaweza kuwa imebakiza wiki mbili na mashine ikaandika sifuri. Tena muuzaji akichomoa betri usiku, asubuhi makosa mengi yaliyokuwemo hayapo.

Kuna baya zaidi. Sensa ya noki ikisikia petroli inalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, kompyuta hurudisha nyuma cheche ya plagi ili kuiokoa pistoni. Gari hupoteza nguvu kidogo, na hakuna taa inayowaka. Mwenye gari anaona tu kwamba gari limekuwa zito, ndipo anatafuta rimapu imrudishie wepesi. Anamlipa mtu aisogeze mbele cheche ileile ambayo kompyuta ilikuwa inairudisha kwa sababu ya msingi. Pistoni za injini hii zikinoki hazivumilii: kingo nyembamba zinazoshikilia ringi hupasuka, na mara nyingi ni silinda ya 4, ya nyuma upande wa kushoto ukiwa umekaa kwenye gari.

Kama kijana huyo anajua kazi, mwambie akuonyeshe namba inayoitwa IAM. Hicho ndicho kipimo cha imani ya kompyuta juu ya petroli na injini. Kwenye baadhi ya kompyuta kiwango cha juu ni 1, kwenye nyingine ni 16. Kumbukumbu ikifutwa, namba huanza katikati, yaani 0.5 au 8, kisha hupanda gari likiendeshwa kwa mzigo. Ikibaki chini baada ya siku kadhaa za kupanda milima, kuna kitu injini inakisikia ambacho wewe hukisikii. Vidude vya bei nafuu vya bluetooth mara nyingi havisomi data hii, kwa sababu Subaru ina lugha yake ya mawasiliano, SSM. Programu ya bure ya RomRaider na waya unaofaa vinaisoma. Mtu anayetuni Subaru bila kujua IAM ni nini hafai kugusa gari lako.

Sasa mkanda. Kilomita 100,000 ndio umri wake wa kawaida, lakini gari lako lina miaka zaidi ya 15 na mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Injini hii mkanda ukikatika, au ukiruka meno kadhaa, vali hukutana na pistoni. Kama huna ushahidi wa ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Kubadilisha mkanda peke yake pia ni nusu ya kazi, maana mara nyingi mkanda hauanzi kufa wenyewe: puli ndogo yenye meno hukauka grisi, hukwama, ndipo inaukata mkanda mpya kabisa. Nunua seti kamili: mkanda, puli zote za kuzungukia, tenshena (kifaa kinachokaza mkanda) na pampu ya maji. Seti ya Aisin inatosha. Puli za zamani ukizizungusha kwa kidole zitakwambia zenyewe. Nzima huzunguka nzito na kimya, iliyokauka huzunguka kwa wepesi na kulia kama chembe za mchanga.

Simama pale fundi anapoifanya kazi hiyo, uangalie mambo matatu. La kwanza ni alama ya puli ya krenki. Kwa mbele ina mshale, na mafundi wengi huupeleka mshale huo juu. Siyo. Alama sahihi ni mstari mdogo uliochongwa kwenye jino la ukingo wa nyuma wa puli, pale sensa inaposomea. Mstari ukiwa juu kabisa, pistoni zote ziko katikati ya silinda na vali haziwezi kuzigusa. La pili, kamshafti (vyuma vinavyofungua vali) za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za vali, kwa hiyo zikiachiwa huruka zenyewe, na vali za kuingiza hewa zinaweza kugongana na za kutoa moshi. Zishikwe kwa kifaa chake, zisilazimishwe kwa spana bila mpango. La tatu, kama tenshena ya zamani inarudishwa, ibanwe ikiwa wima, polepole, kwa dakika 3 au zaidi, kisha itiwe pini. Ikilazwa kwenye vaisi na kubanwa kwa haraka, sili yake ya ndani huharibika, na mkanda utalegea baada ya wiki chache.

Mkanda ukishafungwa, pima kompresheni. Injini iwe imepata moto, plagi zote 4 ziwe nje, petroli imekatwa kwa kuchomoa fyuzi ya pampu, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho, betri ina nguvu. Hapa watu wa Arusha huonewa sana. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Mji wako uko mita 1,400 hivi juu, na hewa ina msukumo pungufu kwa karibu asilimia 15. Injini ambayo Dar es Salaam ingesoma psi 150, kwako itasoma kati ya 125 na 130, na iko salama. Ukiambiwa injini imekufa kwa namba hiyo peke yake, usikubali. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikisoma 128 na moja 105, hapo kuna jambo, na rimapu isubiri mpaka ujue hewa inatokea wapi: kwenye ringi, kwenye vali au kwenye gasketi ya hedi. Kipimo cha kujaza hewa ya kompresa ndani ya silinda ndicho kitakachojibu. Sikiliza kwenye kifuniko cha oili, kwenye ekzozi, kwenye njia ya hewa, na tazama kama rejeta inatoa mapovu.

Filta ya oili uliyoitoa umeitupa? Inayofuata usiitupe. Ikate kopo lake kwa kisu cha bati, usitumie msumeno maana unaongeza chuma chake. Toa karatasi ya ndani, ikamue oili, itandaze juani kwenye kitambaa cheupe na uigeuze geuze. Vumbi jeusi ni kaboni, lipite. Vipande vinavyong'aa kama shaba au fedha ndivyo vya kuogopa. Pitisha sumaku: visivyonata huenda ni madini ya beringi. Ukiviona hivyo, usiendeshe tena gari hilo kwa kasi, hata kwa nguvu lililonazo sasa.

Kuhusu 20W-50, hapana. Kampuni iliitengeneza injini hii kwa oili nyepesi. Kwa joto letu na kwa turbo, 5W-40 ya sintetiki halisi inafaa, na ibadilishwe kila kilomita 5,000. Oili nzito huchelewa kufika kwenye turbo asubuhi, na asubuhi ndipo beringi zinapolika. Kama injini yako ni yenye AVCS, yaani kamshafti zinazogeuzwa kwa msukumo wa oili, kuna pia boliti yenye matundu kwenye njia ya oili ya turbo, na nyingi zina wavu mdogo ndani yake. Wavu huo ukijaa tope, turbo hukauka. Fungua, tazama, safisha au badilisha. Halafu pima oili kwa stiki kila unapojaza petroli: kutoka alama ya chini hadi ya juu ni lita 1 hivi, na injini yote inabeba lita 4 na ushee tu, kwa hiyo ukifika alama ya chini umepoteza karibu robo ya oili yote.

Thamostati irudi, kama imeshatolewa. Imewekwa ianze kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80. Bila hiyo, kwenye baridi ya Arusha injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli hiyo inaosha kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Gari linalochemka lina sababu yake: rejeta iliyoziba, feni, pampu, hewa iliyobaki kwenye mfumo, mfuniko uliochoka au gasketi ya hedi. Kutoa thamostati ni kuvunja kipimajoto ili homa isionekane. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi, usiweke maji ya bomba matupu. Na kwa kuwa Subaru ya turbo ina mifuniko miwili, mmoja kwenye rejeta na mwingine kwenye tangi dogo juu ya injini, isibadilishane nafasi. Haifunguki kwa msukumo sawa.

Vilivyobaki vya msingi ni vyepesi. Plagi mpya za halisi, pengo la milimita 0.7 hadi 0.8. Filta ya petroli. Mipira ya njia ya hewa kuanzia turbo hadi injini: ifungwe mdomo, ijazwe hewa ya psi 10 hadi 15, kisha ipakwe maji ya sabuni, na penye povu ndipo penye tatizo. Gia boksi lako linachangia oili na difu ya mbele, kwa hiyo ni lita 3.5 za 75W-90 ya GL-5, na difu ya nyuma lita 0.8. Maji ya breki mapya ya DOT 4, na usome namba 4 za tarehe kwenye matairi: 1815 ni wiki ya 18 ya 2015, na tairi hilo litoke leo. Breki na matairi vitangulie nguvu, hapo sina mjadala.

Vifaa alivyokuorodheshea havina haraka, na kimoja sikitaki kabisa. Kompyuta yako huhesabu kila gramu ya hewa inayopita kwenye sensa iliyo karibu na filta. Vali ya "psss" inamwaga nje hewa ambayo imeshahesabiwa, kwa hiyo kila ukibadilisha gia petroli inazidi hewa iliyobaki. Filta ya wazi iliyopakwa oili nyingi huchafua sensa hiyohiyo, hesabu inapungua, petroli inapungua na joto la silinda linapanda. Ekzozi kubwa hubadilisha msukumo wa turbo. Isifungwe bila rimapu inayoifuata.

Na rimapu yenyewe isiwe faili. Hili nawaambia wote mnaonunua WRX, Forester za turbo na Legacy GT. Kinachouzwa kwa dakika 20 ni faili iliyotoka kwa mtu asiyelijua gari lako, imesambazwa kwa simu, na pengine ilipangwa kwa gari lililokuwa linanyweshwa petroli ya nchi nyingine. Petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo gari lako lilitengenezewa, kwa kanuni yao haishuki chini ya okteni 96, na vituo vyao vingi huuza ya 98 hadi 100. Yetu ya kawaida haifiki huko. Anayetuni kwa haki hupanga gari likiwa linatembea, akisoma noki, uwiano wa hewa na petroli na msukumo wa turbo, anarekebisha, anarudia, na anakukabidhi rekodi hizo. Kazi hiyo inakula siku nzima au zaidi. Mwenye faili hana rekodi. Injini ikipasuka pistoni atakwambia Subaru ndivyo zilivyo, kisha atakutafutia injini iliyotumika, na itafungwa ikiwa na mkanda uleule uliokuja nao.

Kwa hiyo fanya kazi hizi, endesha kilomita 1,000 bila kuongeza chochote, kisha mwaga oili, ukate filta na uitandaze juani tena. Ikiwa safi, na IAM imesimama juu, mpigie anayetuni.