Maswali Yenu: Mgahawa ndani ya kiwanda cha zamani cha maziwa

SWALI: Tumekodi jengo la zamani la maziwa kando ya stesheni, Bonde la Ufa. Kuta ni za mawe, sakafu ina vigae vyekundu, na chumba cha baridi kimefungwa miaka mingi. Tunataka kufungua mgahawa. Tuanzie wapi, na mbona panatoa harufu mvua ikinyesha?

JIBU: Anzieni sakafuni, rangi na meza zitasubiri. Sakafu ya kiwanda cha maziwa iliinamishwa makusudi, takriban sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ili maji ya kuoshea yakimbilie mferejini. Wengi humwaga zege juu yake kuisawazisha. Msifanye hivyo: mtaziba mifereji, mtapandisha sakafu hadi kizingiti cha mlango, na zege jipya halitashika juu ya sakafu iliyonyonya mafuta. Jiko liwekeni hapo penye mifereji. Wateja wakae kwenye vyumba vilivyo sawa, na pakiinama kidogo, nunueni meza zenye miguu ya kurekebishwa kwa skrubu.

Asidi ya maziwa yaliyochacha hula saruji kati ya vigae, kisha maji hupenya chini. Gongeni kila kigae kwa mpini wa nyundo; kinacholia kitupu king'olewe na kipangwe upya, na nafasi kati ya vigae zijazwe epoksi, gundi ngumu ya kemikali. Kabla ya kupaka epoksi sakafu nzima, bandikeni nailoni ya sentimita 50 kwa 50, mzibe kingo zake kwa utepe, mwiache saa 24. Ikitoa jasho kwa chini, epoksi itabanduka.

Mvua inapoleta unyevu, harufu hutoka kwenye mafuta ya maziwa ndani ya plasta, na mara nyingi kwenye koki (gome jepesi la mti, kama la vizibo vya chupa) iliyowekwa chumba cha baridi kuzuia joto. Koki iliyolowa itupwe. Kuta zisuguliwe kwa maji moto yenye magadi, ambayo hugeuza mafuta kuwa sabuni, zisuuzwe, zikauke kabisa, ndipo zipakwe chokaa. Rangi ya plastiki hufungia unyevu ndani ya jiwe.

Na mabomba ya chumba cha baridi msiyakate kwa moto wala kwa grainda. Huenda yamebaki na amonia, gesi ya kupoza yenye sumu, na mafuta ya mashine. Fundi wa friji ayapime na kuyatoa gesi kwanza. Paa likiwa la asbesto, liondolewe na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

SWALI: Mtego wa mafuta, yaani kisanduku cha kunasa mafuta ya maji ya masinki ya jikoni, uwe na ukubwa gani?

JIBU: Pimeni masinki. Mawili ya sentimita 60 kwa 50 kwa 30 yana lita 180. Hayajazwi hadi juu, kwa hiyo hesabuni robo tatu, lita 135. Yakimwagwa kwa dakika moja, mtego uhimili lita 135 kwa dakika. Usafisheni mafuta na mashapo yakifika robo ya kina. Maji ya choo yasipitie humo.

SWALI: Tunaweza kuweka viti kwenye jukwaa la stesheni?

JIBU: Jukwaa ni la reli, hivyo ombeni kibali cha maandishi Kenya Railways kabla ya kununua hata kiti kimoja. Kaunti nayo iulizwe kuhusu kubadilisha matumizi ya jengo, na Makumbusho ya Taifa kama limetangazwa urithi. Ndani, rafu za chupa ziwe na kingo mbele: treni ya mizigo hutikisa ukuta.