Barua kwa Shangazi: Dhoruba ikija usiku, nani atamgongea Mzee mlango?

Shikamoo Shangazi. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa naishi na mke wangu na watoto wawili Bowling Green, Kentucky. Karibu na kwetu kuna mzee wa Fizi, Kongo, na mkewe, wanakaa kwenye nyumba ya trela. Watoto wao wamehamia Iowa. Kiingereza hakipandi, si kwa Mzee wala kwa Mama. Simu ya Mzee huzimwa saa tatu usiku, mazoea ya kambini, kwani kule chaji ilikuwa ya kulipia. Mimi niko kiwandani zamu ya usiku. Tangu tornado ya 2021, ule upepo wa kuzunguka unaong’oa nyumba, wingu likitanda tu roho haitulii. Nimemsihi waje kujificha kwetu dhoruba ikitangazwa, anacheka: “Mwanangu, tumekimbia risasi, leo tukimbie upepo?” Nifanyeje bila kumvunjia heshima?
Baba Wawili, Bowling Green

Marahaba, mwanangu. Mtu aliyetoka Fizi kwa miguu hatishwi na king’ora, kwa hiyo acha kumtisha. Nitarudi kwenye heshima, lakini tumalize kwanza habari ya trela, maana hapo hakuna mjadala. Trela, hata iwe imefungwa ardhini kwa nyaya, si mahali pa kungojea tornado. Upepo ambao ungeng’oa vigae tu kwenye nyumba imara unaweza kuipindua trela nzima.

Kwa sababu hiyo Mzee hapaswi kungoja tangazo la mwisho. Tangazo likisema “Tornado Watch”, maana yake hali ya hewa ya saa zijazo inaweza kuzaa tornado. Likisema “Tornado Warning”, imeshaonekana kwa macho au kwa rada, jifiche sasa hivi. Mwenye nyumba imara anaweza kusubiri hilo la pili. Mwenye trela anaondoka kwenye la kwanza, angali na muda wa kuvaa viatu na kubeba dawa zake za presha.

Umetaja 2021. Watu wakizungumzia usiku ule hukumbuka mji wa Mayfield na kiwanda chake cha mishumaa, lakini iliyowapiga ninyi ilikuwa tornado nyingine. Ilifika kama saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 11 Desemba, watu wamelala, na kaunti yenu ya Warren ikapoteza watu 17. Desemba! Mwezi ambao watu wameshaweka makoti mlangoni na kusahau kabisa habari za tornado. Ving’ora vya mji navyo vimewekwa kwa ajili ya watu walio nje. Aliyelala ndani, madirisha yamefungwa na hita inavuma, asivitegemee. Na simu iliyozimwa haimwamshi mtu.

Mnunulieni redio ya hali ya hewa ya NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayofuatilia hali ya hewa, ile ndogo ya kuchomeka ukutani yenye betri za akiba, kisha wewe mwenyewe uiwekee kaunti yenu. Itasema Kiingereza, sawa, lakini kabla ya kusema hupiga kelele ya kumtoa mtu kitandani, nasi tunachotaka ni hiyo kelele. Habari ya simu usiipeleke kwa Mzee, ipeleke kwa Mama. Wazee wa kiume hawapendi kufundishwa simu na vijana. Mama akishaelewa kwa nini isizimwe, haitazimwa. Ujumbe wa dharura wenyewe huja kwa Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo wewe au mkeo mtabaki kuwa wakalimani.

Sasa heshima. Umekuwa ukimwambia Mzee aje kujificha kwako. Mtu mzima wa kwetu haalikwi kujificha! Nenda jioni moja na mkeo, mkae, mnywe chai, mwulize habari za watoto wa Iowa, halafu umwombe hivi: “Baba, mimi usiku niko kazini na mwenzangu yuko peke yake na wajukuu zenu. Siku ikitangazwa dhoruba, naomba wewe na Mama mje mkae nao.” Sioni mzee wa kulikataa hilo. Wala si hila, maana mkeo anahitaji kweli mtu mzima wa kumshika mtoto mmoja wakati anamvuta mwingine usingizini. Mwachie ufunguo siku hiyohiyo, mkononi mwake, mbele ya mkewe. Na mkeo awapigie mapema, jua likiwa bado lipo, wasije wakatembea gizani kwenye mvua.

Nilipokuwa Tulsa, Oklahoma, ukuta wangu wa chumbani ulipakana na wa mama mmoja Mmarekani ambaye salamu zetu zilikuwa za kuinua mkono tu. Tulipatana jambo moja: atakayeamka kwanza agonge ukuta kwa mpini wa ufagio, na mwenzake ajibu. Asipojibiwa, atoke aje mlangoni. Hatukuwahi kunywa hata chai pamoja, lakini usiku wa radi nililala nikijua kuna mtu atanigongea.

Nyumbani kwako chagueni chumba cha chini ya ardhi kama kipo. Kama hakipo, bafu au stoo ya katikati, ghorofa ya chini, isiyo na dirisha. Wekeni humo tochi, helmeti za baiskeli za watoto na blanketi nzito za kujifunika. Msihangaike kufungua madirisha eti upepo upite, hakusaidii kitu. Na wewe uliza leo kiwandani mahali pa kujikinga ni wapi. Siku ikifika usitoke na gari kuwafuata, wala usijibanze chini ya daraja la barabara kuu, maana pale upepo hubanwa ukazidi kasi.

*

Shangazi, kwema? Rafiki yangu wa tangu shule yuko Dallas, Texas. Sisi wa Kericho mvua ya mawe tunaijua, inatuharibia majani chai, lakini video anazonituma, mawe yanavunja vioo vya magari! Nikiziona nampigia mpaka ashike. Juzi amenifokea. Nimemkosea?
Mama Chai, Kericho

Hujamkosea, ila unampigia saa mbaya. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, lakini mawe yenu mengi ni madogo. Kwenye tambarare za Marekani upepo unaopanda ndani ya wingu una nguvu za kulishikilia jiwe huko juu likizidi kunenepa. Lililoanguka Vivian, South Dakota, tarehe 23 Julai 2010 lilikuwa na upana wa sentimita 20 na uzito wa gramu 880 hivi.

Dhoruba zao hupenda alasiri na jioni. Saa kumi na moja jioni ya Dallas, majira ya dhoruba hizo, kwako ni saa saba usiku. Wewe huna usingizi, yeye anaokoa chaji ya simu. Mtumie ujumbe mmoja, “Niko macho,” naye akitulia ajibu neno moja tu. Ujumbe mfupi mara nyingi hupita hata simu za sauti zinapokwama.

*

Shangazi, baada ya mvua ya mawe mafundi wa paa wamejaa mtaani kwetu Fort Worth. Jirani yangu, mama mjane wa Burundi, ametia sahihi mkataba asioweza kuusoma. Fundi amemwambia kile kiasi anachopaswa kutoa mfukoni kabla bima haijalipa atakibeba yeye. Ni sawa? Na gari yangu imebonyea kila mahali.
Kamau

Si sawa. Texas ilipiga marufuku mchezo huo kuanzia tarehe 1 Septemba 2019: mwenye nyumba lazima alipe sehemu yake, na fundi haruhusiwi kumfutia. Mkataba uliosainiwa nyumbani na muuzaji aliyebisha hodi kwa kawaida huweza kuvunjwa ndani ya siku 3 za kazi, kwa maandishi. Kama zimepita, keti naye mpige simu kwa wakala wake wa bima kabla fundi hajapandisha ngazi.

Gari? Kama una bima kubwa, piga picha kisha uwapigie. Kama ulikata ile ya kumlipa uliyemgonga tu, Kamau, hayo mabonde ni ya kwako.