Hamamu za Kirumi za Bath: usimalize muda wako pale juu

Umeuliza kama unaweza kutoka London asubuhi, ukaziona hamamu za Kirumi za mji wa Bath na kuoga humo, kisha ukarudi jioni. Kwenda na kurudi, bila shaka. Kuoga, hapana.

Treni kutoka stesheni ya Paddington, London, hadi Bath Spa, stesheni ya Bath, huchukua kama saa moja na nusu, na kutoka stesheni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tiketi nunua mtandaoni mapema, uchague saa ya mlango unapofunguliwa. Vaa viatu visivyoteleza: mawe kandokando ya bwawa hayako sawa na hulowa.

Wengi hukwama kwenye roshani ya juu wakipiga picha na masanamu. Yale ni ya 1894! Kwenye bwawa kubwa, kazi ya Warumi imebaki kuanzia vitako vya nguzo kwenda chini, hadi sakafu ya mabamba 45 ya madini ya risasi. Ukijani wa maji ni mwani tu, maana paa la Warumi halipo na jua linapiga moja kwa moja. Chemchemi yenyewe hutoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, kwa nyuzi 46 hivi. Usitie hata mkono: kuoga kulisitishwa 1978 baada ya msichana kufa kwa amiba, kijidudu cha kwenye maji hayo.

Muda wako upeleke kwenye vibati vya risasi vya laana, kama 130 hivi, vilivyotupwa chemchemini kwa mungu wa kike Sulis Minerva. Katika kimoja, mtu aitwaye Docimedis kaibiwa glavu mbili. Anaomba mwizi apotewe na akili na macho. Mtu wa pwani ataitambua mara moja: albadiri, ila imechorwa kwenye risasi.

Halafu vyumba vya joto. Vile virundo vya vigae vya mraba si viti, ingawa vinafanana. Sakafu ililazwa juu yake, hewa ya moto kutoka tanuru ikapita chini na kupanda ndani ya kuta kwa vigae vyenye uwazi. Bwawa kubwa halikuhitaji kuni. Vyumba hivi vilizila.

Mwishoni kuna bomba la kuonja maji yaliyosafishwa: vuguvugu, ladha ya madini. Funda moja linatosha. Kuoga nenda kwenye bafu za kisasa za Thermae Bath Spa, hatua chache tu, maji ya chemchemi zilezile. Watoto chini ya miaka 16 hawaingii.