Mwanangu, kuhusu ule mkataba wa raga

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote, mara ya pili nikiwa na baba yako, naye kama kawaida yake akasema "mama yako ndiye anajua mambo ya raga" akaendelea na redio yake. Swali lako nalirudia hapa ili nisije nikajibu kitu hujauliza. Klabu ya mkoani uliyoichezea muda wote kwa mapenzi tu sasa imepata mfadhili, wanataka usaini mwaka mmoja kwa posho ambayo haifiki hata nusu ya mshahara wako, kocha anataka uache kazi ili ufanye mazoezi asubuhi na jioni, na wewe unauliza kama raga ni kazi kweli au ni ujana tu utapita. Alafu katikati ya maneno ukadondosha kama utani kwamba mwezi uliopita uligongwa kichwa ukaona vimulimuli, "lakini nilimaliza mechi mama". Hapo ndipo nitakaa sana, na usikasirike.

Jibu fupi ni hili: saini, kazi usiache, na hicho kichwa kipimwe kwanza. Hilo refu linafuata, jitengenezee chai.

Wewe umekua ukiniona pembeni ya uwanja na lile begi la huduma ya kwanza, na unajua kazi yangu pale haikuwa kubandika plasta, ilikuwa kuangalia watu wanainukaje. Kuna msichana mmoja alikuwa anacheza namba 12, alikaba vibaya, kichwa chake kikaingia mbele ya nyonga ya yule aliyembeba mpira, akaanguka, akainuka, watu wakapiga makofi eti huyu ni simba. Akajipanga vizuri kabisa, mikono magotini, macho mbele, ila alikuwa amejipanga na timu nyingine. Nikaingia. Nikamuuliza yale maswali yetu ya kawaida, tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani amefunga mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Uwanja alijua, kipindi alijua, aliyefunga mwisho hakumjua, na aliyefunga alikuwa yeye mwenyewe dakika chache nyuma! Nikamtoa. Kocha alininunia mpaka jioni na mimi nilimwacha anune.

Hakuzimia hata sekunde moja yule, na ndicho watu hawataki kuelewa, kwamba wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii. Kifundo cha mguu kikiumia kinavimba kila mtu anakiona, ubongo hauvimbi nje, unakuja kuuona kesho yake mtu hataki mwanga, usingizi umevurugika, anafoka bila sababu, anasoma ukurasa mmoja mara tatu. Sheria haina utata, ukishukiwa tu unatoka na hurudi mechi hiyo, basi. Hizo mechi mnazotazama kwenye runinga wana madaktari na video na chumba cha kumpimia mtu, nyinyi huko hamna, kwa hiyo kwenu shaka peke yake inatosha. Na mwongozo wa World Rugby, chama cha raga cha dunia, kwa ngazi yenu ni kwamba usirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, dalili ziwe zimeisha na uwe umepanda taratibu, kutembea, kukimbia, mazoezi bila kugongana, ndio mwisho ugongane. Sasa wewe umemaliza mechi na Jumanne yake ukaenda mazoezini. Sisemi zaidi.

Nasema kidogo zaidi. Yule Steve Thompson wa Uingereza, aliyekuwa hooka wao, yule wa katikati mstari wa mbele, kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2003 wakashinda, mwaka 2020 akiwa na miaka 42 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kwamba hakumbuki kulitwaa hilo kombe. Na hofu ya madaktari sasa hivi si ule mgongano mmoja mkubwa tu, ni vile vidogo vidogo vinavyojirudia mazoezini miaka na miaka, skramu (pale timu mbili zinaposukumana mabega kwa mabega) baada ya skramu. Ndio maana tangu 2021 World Rugby inashauri mazoezi ya kugongana kwa nguvu zote yasizidi dakika 15 kwa wiki. Dakika 15, mama! Muulize huyo kocha wako wa asubuhi na jioni, hizo asubuhi na jioni mtakuwa mnagongana au mtakuwa mnakimbia na kushika mpira, manake akikwambia kila siku ni vita basi hiyo klabu haijui kazi yake hata ikiwa na mfadhili wa aina gani.

Mambo yamebadilika lakini, sitaki uone mama yako anaona giza tupu. Ufaransa baada ya vijana kufariki uwanjani 2018 walishusha kimo cha kukaba hadi kiunoni kwenye mechi za ridhaa, Uingereza nao 2023 wakakishusha mpaka chini ya kifua, New Zealand refa wa mechi za mitaani anayo kadi ya buluu ya kumtoa aliyegongwa kichwa, haijalishi kocha anasema nini. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake 2025 kinga za meno ziliwaka taa nyekundu mtu akigongwa sana. Wewe hutapata hiyo ya taa, ila shingo unaweza kuifanyisha mazoezi, na ule mpango wa kupasha mwili unaoitwa Activate ni bure, ufanyeni kila mara siyo siku kocha akikumbuka. Na magoti, kwa sababu sisi wanawake ile kano ya katikati ya goti hukatika kwa urahisi kuliko kwa wanaume, na ikikatika hesabu miezi tisa na zaidi nje.

Sasa kwa nini bado nakwambia saini.

Kwa sababu nakukumbuka shule ya msingi ukijikunja mabega ili usionekane mrefu, ukivaa sweta kwenye jua, na nakukumbuka siku ile mwalimu alikuweka kwenye laini-auti, pale mpira unaporushwa kutoka pembeni, wenzako wakakunyanyua juu, urefu uleule uliokuwa unauficha ndio ukawa wanautafuta. Raga ina kazi ya kila mwili, mnene anaenda propu, mfupi mwepesi anakuwa skramu-hafu, mwenye mbio anakaa pembeni na mwenye kichwa kigumu kama wewe anakuwa flanka. Michezo mingi niliyoiona inachagua aina moja ya mwili wengine wakae benchi. Alafu ile hali ya kumaliza kuumizana dakika 80, timu mbili zinapanga mistari kupigiana makofi, mnakula meza moja, kapteni peke yake ndiye anaongea na refa, wengine kimya. Umejifunza adabu pale kuliko hapa nyumbani, nakubali, ingawa zile pombe za baada ya mechi sizipendi na hazikuwahi kuwa sehemu ya mchezo, ni watu tu.

Na klabu ya mkoani ina nguvu ambayo ya jiji kubwa haina. Mjini wewe ni burudani mojawapo, mkoani wewe ndiye Jumamosi yenyewe. Ona Llanelli kule Wales, mji wa viwanda vya bati, tarehe 31 Oktoba 1972 waliwafunga New Zealand 9 kwa 3 na mpaka leo watu wa pale wanaiongelea kama ya juzi. Miaka sita baadaye, tena 31 Oktoba (sijui New Zealand walifanya nini na hiyo tarehe), Munster, timu ya mkoa kule Ireland, wakawafunga 12 kwa 0 mjini Limerick. Castres huko kusini mwa Ufaransa ni mji wa watu 40,000 na kitu, umechukua ubingwa wa nchi 2013 na 2018 mbele ya matimu ya miji mikubwa. Nyuma yao ilikuwa kampuni ya dawa ya mtu wa pale pale Castres, Pierre Fabre, aliyekaa nao miongo. Huo ndio mfano mzuri wa mfadhili, mtu wa mji, hatoki.

Ila wafadhili wengine wanatoka, na hii ndio sehemu ya pesa. Raga na pesa zimegombana tangu zamani, mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga zikiwa hotelini Huddersfield kwa sababu wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani, Jumamosi ni siku ya kazi, wakiicheza wanapoteza ujira, klabu zikataka kuwafidia, wakubwa wa chama wakakataa kabisa, ndio ikazaliwa ile raga nyingine ya watu 13. Waliobaki waliendelea kusema ni mchezo wa ridhaa mpaka Agosti 1995, miaka 100 kamili! ndio wakaruhusu malipo wazi. Kwa hiyo hii raga ya mshahara ni changa kuliko baba yako. Na bado haijajua kujilisha, Worcester na Wasps zilianguka vuli ya 2022, London Irish ikafuata 2023, ligi kuu ya Uingereza hiyo, wachezaji wa timu ya taifa walikuta hawana mwajiri msimu ukiwa katikati. Kama wale walikuta mlango umefungwa, wewe na mfadhili wa mwaka mmoja ujue umesimama wapi.

Kwa wanawake ndio changa zaidi. Uingereza ilianza kuwapa wachezaji 28 wa raga ya 15 mikataba ya kudumu mwaka 2019 tu, na ile fainali ya Kombe la Dunia 2025 iliyojaza uwanja wa Twickenham, London, watu 81,885, Canada waliocheza na Uingereza walikuwa wamepitisha bakuli la michango kwa watu ili waweze kujiandaa. Timu ya pili duniani! Yule kapteni wao wa zamani Sophie de Goede, mama yake naye alikuwa kapteni wa Canada na baba yake pia, kwa hiyo nyie wa mama mwenye begi la plasta mko nyuma kidogo. Pesa zinaongezeka, sikatai, watu wanakuja kutazama, miaka kumi ijayo huenda mdogo wako akalipwa vizuri. Wewe uko kwenye mlango tu.

Ndio maana nasema usiache kazi. Muombe bosi wako siku chache au zamu za mchana, na kocha akisema haiwezekani mwambie wengi wa ngazi yenu wanaishi hivyo hivyo, wauguzi, walimu, polisi, wanafanya mazoezi jioni na wanacheza vizuri. Mchezaji mwenye mshahara mwingine anaweza kusema "leo kichwa kinauma sichezi". Yule ambaye posho ya mechi ndio kodi ya nyumba hasemi, nimewaona, anameza dawa ya maumivu chooni anaingia uwanjani.

Kabla ya kusaini kuna maneno ya kuuliza, na yaandikwe siyo ya mdomo. Nani ana neno la mwisho mtu akiumia, daktari au kocha? Hilo ndilo la kwanza na kama wanababaika kulijibu inuka uende. Bima inaanza lini na inaisha lini, manake goti linaweza kukatika mwezi wa kumi na moja, mkataba uishe wa kumi na mbili, na operesheni bado. Ukiwa majeruhi posho inaendelea? Ukipata mimba je? wataona haya kusikia lakini uliza, wewe ni mtu mzima. Na mfadhili akiondoka katikati mkataba ni na nani, klabu au yeye? Waombe pia wakulipie ile kozi ya ukocha au ya urefa, hiyo haiwagharimu sana na utabaki nayo hata magoti yakichoka. Mchezaji wa ridhaa hamuulizi mtu haya, ila wao ndio wameleta neno mkataba mezani.

Baba yako anasema nikwambie anajivunia, amesema akiwa amegeuka dirishani lakini amesema.

Wiki hii nenda kwa daktari, siyo fizio wa timu, daktari, mwambie tarehe uliyogongwa na kwamba ulimaliza mechi, usimfiche hilo la kumaliza. Mazoezi ya kugongana simama mpaka akuruhusu. Na mkataba nitumie kabla ya Ijumaa, kurasa zote, ule wa bima uupige picha kwenye mwanga na toa kidole, karatasi uliyonitumia mwaka jana nusu yake ilikuwa kivuli cha gumba lako.

Mama