Ekadashi ya India Jumatano, ya Dar Jumanne: nifunge lini?

Swali: Jai Shri Krishna Maharaj. Shangazi yangu wa Ahmedabad kanitumia kalenda ya huko, Ekadashi, ile siku yetu Wahindu ya kufunga, wameandika Jumatano, ila mandir (hekalu) yetu hapa Dar wametangaza Jumanne. Nifuate ipi? Halafu Jumatatu saa mbili asubuhi nataka kufungua duka langu jipya, rafiki yangu Mtamil kaniambia nisithubutu, eti ni Rahu Kaal, muda wa nuksi.

Jibu: Jai Shri Krishna dada yangu. Wewe funga Jumanne na shangazi afunge Jumatano yake, wote mko sawa kabisa.

Siku yetu Wahindu inaanza jua likichomoza, sio saa sita usiku. Tithi, yaani siku ya mwezi wa kalenda yetu, haihesabiwi kwa saa, inahesabiwa kwa mwezi kuliacha jua, kila ukiliacha kwa digrii 12 tithi moja imekwisha inaingia nyingine, mpaka zitimie 30. Na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, tithi moja inaweza kuisha kwa saa 19 hivi na nyingine ikafika 26. Siku inabeba jina la ile tithi ambayo jua limeikuta likichomoza.

Sasa chukua mfano, Ekadashi, yaani tithi ya kumi na moja, imeingia Jumanne saa kumi na robo alfajiri kwa saa za Dar. Ahmedabad wako mbele yetu saa mbili na nusu, kwao ni saa kumi na mbili na dakika 45 asubuhi na jua limeshatoka likaikuta Dashami, tithi ya kumi, basi inabidi wasubiri jua la Jumatano. Sisi jua letu linatoka saa kumi na mbili na robo, Ekadashi imeshaingia zamani. Hata Wavaishnava, wale waabudu Vishnu, wanaotaka Dashami iwe imeondoka dakika 96 kabla ya jua, hapo hawana neno. Ndo maana panchang, yaani kalenda ya tithi, ya mji mwingine haikufai, naomba sana mlizingatie hili maana kila mwaka watu wanagombana bure.

Kuhusu duka, rafiki yako hajakosea. Mchana unagawanywa mafungu nane sawasawa, na Jumatatu fungu la pili ni Rahu Kaal, hapa Dar jua likitoka saa kumi na mbili na robo ni kama saa mbili kasorobo mpaka saa tatu na robo. Sisi Wagujarati tunatazama zaidi choghadiya, yaani majina ya heri na ya nuksi ya mafungu hayo, nayo fungu hilohilo inaliita Kaal, sio zuri kuanza jambo. Linalofuata ni Shubh, linakwenda mpaka saa tano kasorobo, kwa hiyo washa diya (taa ya ibada) yako saa tatu na nusu ufungue kwa amani. Ila mgonjwa wa kupelekwa hospitali hasubirishwi choghadiya, hilo wazee wetu wote wamekubaliana.

Na Jumatano usikimbilie kula jua likitoka tu, ngoja robo ya kwanza ya Dwadashi, tithi ya kumi na mbili, ipite, kwa mfano wetu ule ni kama saa nne na nusu asubuhi.