Nilivyojifunza misingi ya nadharia ya mahusiano ya objekti nikiwa kazini Lindi na Mtwara

Dada yangu wa Masasi, umeuliza uanzie wapi kujifunza nadharia ya mahusiano ya objekti katika saikolojia changanuzi, yaani elimu ya kuchambua yaliyofichika akilini iliyoanzishwa na Sigmund Freud. Umesema ulianza na makala ya Melanie Klein ya mwaka 1946, ile inayoeleza jinsi mtoto mchanga anavyoigawa nafsi yake, ukakwama kwenye habari za titi jema na titi baya, yaani jinsi mtoto anavyoliona titi linalomshibisha na lile linalomnyima kama vitu viwili tofauti, na sasa una shaka kama elimu hii ina faida yoyote kwa mshauri nasaha wa huku kwetu Kusini. Mimi pia nilianza na makala hiyohiyo, nikakwama palepale, na karibu mwaka mzima ukapita kabla sijairudia. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka 14 katika wilaya za mikoa hii miwili, na kwa maoni yangu makala ile ni chumba cha ndani, nawe bado uko barazani.

Lishughulikie kwanza neno lenyewe. Ukiitafsiri objekti kuwa "kitu", umekwisha kupotea, kwa sababu katika nadharia hii objekti karibu kila mara ni mtu, au sehemu ya mtu, au sura ya mtu huyo iliyobaki ndani yetu. Sigmund Freud alilitumia neno hili mwaka 1905 kwa maana ya yule au kile ambacho msukumo wa mwili unakielekea ili upate kutulia. Mimi lilinikaa akilini nilipokumbuka masomo ya sarufi, tulipofundishwa kuhusu yambwa, yaani mtendwa katika sentensi. Katika Kiswahili yambwa halina haja ya kusimama nje ya kitenzi: ukisema "ninamkumbuka", yule unayemkumbuka amekwisha kuingia katikati ya neno, na ukimtoa, neno halibaki lilivyokuwa. Nadharia hii inasema kwamba nafsi nayo imejengwa hivyo. Waliotulea wamo ndani yake, wanaendelea kutusemesha, kututuliza na kutukaripia, na tunakutana na watu wapya tukiwa tayari tumebeba hao wa kwanza. Mbegu ya wazo hilo imo katika andiko la Freud la mwaka 1917 kuhusu maombolezo na huzuni isiyokwisha, ambamo alieleza jinsi mtu aliyempoteza mpendwa anavyoweza kumwingiza ndani ya nafsi yake, kiasi kwamba malalamiko aliyokuwa nayo dhidi ya mpendwa huyo yanageuka kuwa kujilaumu mwenyewe.

Baada ya hapo, nakushauri umsome Ronald Fairbairn kabla ya Klein. Najua walimu wengi hufuata mpangilio wa miaka, lakini kwangu mimi Fairbairn ndiye aliyenifungua macho, na sababu ni mtoto mmoja ambaye habari zake nimezibadilisha ili asitambulike. Alikuwa na umri wa miaka minane hivi, na baba yake alikuwa akimpiga hadi kumwachia makovu. Tulimhamishia kwa mjomba wake, ambaye kwa desturi ya huku ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na huko alipata chakula, shule na watu wapole. Hata hivyo kila jioni alikuwa akienda kukaa chini ya mkorosho ulio karibu na barabara, akiitazama njia ya kwao. Nilipomuuliza alinijibu kwamba baba yake ni mtu mzuri, na kwamba yeye ndiye mkorofi aliyewaacha mbuzi waingie shambani. Nikafanya kosa ambalo bado linaniuma: nikakaa naye na kumthibitishia, hoja baada ya hoja, kwamba baba yake ndiye mwenye makosa. Tangu siku hiyo hakuzungumza nami tena kwa miezi kadhaa.

Fairbairn alikuwa daktari wa Edinburgh, huko Uskoti, na aliwahi kuwatibu watoto walioteswa na wazazi wao. Mwaka 1941 aliipindua hesabu ya Freud kwa kusema kwamba msukumo wa msingi wa binadamu hautafuti raha, unamtafuta mtu. Kutokana na hilo alieleza, katika makala ya mwaka 1943, kwa nini mtoto anayeteswa hujitwisha ubaya wa mzazi wake. Mtoto hawezi kuishi bila mzazi. Akikubali kwamba mzazi ni mbaya, dunia yote inakuwa mbaya na haina tumaini, ilhali akijiona yeye ndiye mbaya, mzazi anabaki mwema, na upo uwezekano wa kupendwa siku atakapojirekebisha. Fairbairn aliifananisha hali hiyo na mtu anayeona heri awe mwenye dhambi katika dunia inayotawaliwa na Mungu kuliko kuishi katika dunia inayotawaliwa na Shetani. Nilipolisoma hilo nilielewa kwamba hoja zangu zilikuwa zikimnyang'anya yule mtoto baba pekee aliyebaki naye, yaani yule wa ndani. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kwanza kuambiwa ukweli kuhusu baba yake. Anahitaji mtu mwingine wa kumshika, tena kwa muda mrefu, kabla hajaweza kumwachia yule.

Kisha nenda kwa Donald Winnicott, ambaye alikuwa daktari wa watoto kwa takriban miaka 40 katika hospitali ya Paddington Green, London. Yeye hutahitaji kumtafutia mifano, kwa maana mifano yake imo majumbani mwetu. Mwaka 1951 aliwasomea wenzake makala kuhusu kile alichokiita objekti ya mpito, yaani kile kipande cha nguo au mdoli ambao mtoto hauachi, na hasa hawezi kulala bila huo. Mtoto wa mdogo wangu, pale Mikindani, alikuwa na upande wa kanga ya mama yake, uliokwisha kupauka. Siku moja bibi yake aliufua kwa sabuni na kuuanika, akidhani anatenda wema, na mtoto alipopewa ule upande ukiwa msafi aliunusa, akautupa, akalia hadi usiku wa manane. Winnicott alilitaja jambo hilohilo: mama huiacha nguo hiyo ichafuke na inuke, kwa kuwa anajua kwamba akiifua ataukata mfululizo wa kitu ambacho mtoto anakitegemea. Kanga ile si mama, na mtoto anajua hivyo, lakini pia si kanga tu. Ipo katikati ya mtoto na dunia, na Winnicott anasisitiza kwamba mtu mzima asimuulize mtoto kama ameiumba mwenyewe au ameikuta. Kwake yeye, mchezo, sanaa na ibada vyote huchipuka mahali hapo pa katikati. Dhana yake nyingine, ya mama anayetosha, inaeleza kwamba mama hahitaji kuwa mkamilifu. Anaanza kwa kumtimizia mtoto karibu kila haja, kisha anapunguza kidogokidogo kwa kadiri mtoto anavyoweza kustahimili.

Usishangae ukikuta vitabu vinapingana vikali. Kati ya mwaka 1941 na 1945 wanachama wa Chama cha Saikolojia Changanuzi cha Uingereza waligombana kuhusu mawazo ya Klein, Anna Freud, binti wa Sigmund Freud, akiwa upande wa pili, na Winnicott alibaki katika kundi la katikati.

Kuhusu shaka yako kwamba mambo haya yanawahusu akina mama wa London tu, ni shaka ya haki. Mtoto wa kwetu analelewa na bibi, mama mkubwa, mama mdogo na dada zake, na wengi hupelekwa kwa bibi mara wanapoachishwa ziwa. Soma hapo kazi ya Mary Ainsworth, ambaye mwaka 1954 alianza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, na kuchapisha matokeo mwaka 1967. Yeye yuko zaidi upande wa John Bowlby, mwenye nadharia ya jinsi mtoto anavyoambatana na mlezi wake, lakini alionyesha kwamba hata palipo na walezi wengi mtoto humchagua mtu wa kumrudia anapoogopa. Wapo pia wanaotaka kuieleza jando na unyago yote kwa nadharia hii. Sikushauri, mambo hayo yana wenyewe, na yana maana zake.

La mwisho ndilo lililonifundisha kuliko vitabu vyote. Mwaka 1948 Esther Bick alianzisha kwenye kliniki ya Tavistock, London, utaratibu wa mwanafunzi kumtembelea mtoto mchanga nyumbani saa moja kila juma, kwa miaka miwili, bila kuandika chochote akiwa pale, anaandika akirudi. Niliomba ruhusa kwa jirani yangu wa Shangani, Mtwara, nikafanya hivyo kwa miezi 11. Mtoto alipokuwa na miezi minane hivi, mama yake alikwenda kununua samaki akachelewa. Bibi alimlisha uji, naye akaula bila shida. Mama aliporudi na kumpakata, mtoto aligeuza uso ukutani. Alipopewa titi alilipiga kwa kiganja, akalia, akaling'ata hadi mama akapiga kelele. Akamtazama mama usoni kwa muda mrefu. Kisha akanyonya polepole, huku mkono wake ukilipapasa lile titi mahali alipoling'ata. Nilirudi nyumbani nikayaandika hayo yote, na usiku uleule nikaifungua makala ya Klein ya mwaka 1946, nikaisoma hadi mwisho.